Bastola ya Stelingi na Sheria ya Umma: Silaha katika Filamu ya "Dirty Harry"

Wako makada wanaoamini kwamba kazi ya itikadi hufanyika katika semina, katika mikutano ya tawi na katika vitabu, na kwamba saa nyingine zote za siku hazina itikadi. Imani hiyo ni kosa. Jioni pale Mwanjelwa, wachuuzi wakishafunika meza zao kwa maturubai na makonda wa daladala za Uyole wakipunguza kelele, vijana huingia katika vibanda umiza, hulipa kiingilio kidogo, hukaa juu ya mabenchi ya mbao, na kwa muda wa saa mbili hufundishwa. Hufundishwa nani mwema na nani mbaya, nani ana haki ya kuua na mali ya nani inastahili kulindwa. Mwalimu wa somo hilo hashiki chaki, anashika bastola.

Katika makala hii tunakusudia kuzichambua silaha zinazotumika katika filamu moja ya zamani ya polisi na majambazi, "Dirty Harry", iliyoongozwa na Don Siegel na kutolewa Marekani mwezi wa Desemba mwaka 1971, Clint Eastwood akiwa stelingi. Huenda msomaji akauliza: kwa nini filamu yenye umri wa zaidi ya nusu karne, wakati vijana wana simu zenye filamu za jana? Jibu ni kwamba filamu hii ndiyo mzazi. Yule polisi mkaidi anayefanya kazi peke yake, anayegombezwa na wakubwa wake, anayevunja sheria ili haki itendeke, ambaye leo tunamkuta katika filamu za Kihindi, za Hong Kong na hata katika baadhi ya filamu zetu wenyewe, alipata sura yake kamili hapa. Anayetaka kujua tabia za ukoo aanze na babu.

Wala tusidharau nguvu ya picha hizi. Rambo alitokea katika sinema mwaka 1982, na haukupita muda mrefu nchi nzima ikawa inabebea sukari na mchele katika mfuko wa plastiki ulioitwa rambo. Serikali iliupiga marufuku mfuko huo tarehe 1 Juni 2019. Mfuko uliondoka, lakini jina bado limo vinywani mwa watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa San Francisco anatokea muuaji anayejiita Scorpio. Anawapiga watu risasi kutoka juu ya mapaa na kudai kwa Meya alipwe dola 100,000 ili aache. Inspekta Harry Callahan, askari kanzu, anapewa kazi ya kumkamata. Anamkamata, anamtesa, muuaji anaachiwa kwa sababu ushahidi ulipatikana kinyume cha sheria, anaua tena, anateka basi la watoto wa shule, na mwishowe Callahan anampiga risasi na kumuua. Basi. Hadithi ni nyepesi, na wepesi huo ni sehemu ya ustadi wake, maana nafasi yote inayobaki imejazwa silaha.

Silaha ya kwanza tunayoiona ni bunduki ya masafa yenye darubini na kizuia sauti. Mtutu wake unatuelekea sisi watazamaji, mara tu baada ya kuonyeshwa ukuta wenye majina ya askari wa San Francisco waliokufa kazini. Kabla hatujamfahamu mtu yeyote, tumekwisha kupangiwa upande: huku kuna mashujaa waliokufa, kule kuna mtutu. Kisha anauawa mwanamke anayeogelea juu ya paa. Hapana neno lililosemwa bado, na tayari mtazamaji anataka mtu fulani afe.

Silaha ya pili ndiyo mhusika mkuu wa filamu, na tunasema mhusika kwa makusudi. Ni bastola ya Smith & Wesson, Model 29, yenye kutumia risasi ya .44 Magnum. Risasi hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1955, na haikutengenezwa kwa ajili ya polisi wa mjini. Walioililia ni wawindaji wa Marekani waliotaka bastola yenye nguvu ya kuangusha mnyama mkubwa. Kipenyo chake ni karibu milimita 11, na bastola yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 1. Polisi wengi wa Marekani wa wakati ule walibeba bastola za .38, ndogo kuliko hiyo kwa kila hali. Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu alichukua chombo cha kuwindia akakitia mkononi mwa mtumishi wa sheria, katika barabara iliyojaa watu. Msomaji apime mwenyewe maana ya tendo hilo. Anayewindwa na chombo cha kuwindia ni mnyama.

Filamu ilipoonyeshwa, maduka ya silaha ya Marekani yalijikuta yakiulizwa bastola hiyo kuliko yalivyoweza kuipata. Hapa ndipo tunapouona uhusiano wa sanaa na biashara bila pazia. Kampuni ya silaha ilipata tangazo ambalo halikuonekana kuwa tangazo, na mtazamaji alilipa kiingilio ili atangaziwe. Katika filamu ya pili ya mfululizo huo, "Magnum Force" ya mwaka 1973, mambo yakawa wazi zaidi: majina ya watengenezaji yanapita juu ya picha ya mkono ulioshika bastola hiyo mbele ya rangi nyekundu, na mwisho mtutu unageuzwa kumwelekea mtazamaji na kufyatuliwa. Bastola imetangulia kutokea kabla ya mwigizaji.

Sasa tuje kwenye tukio ambalo kila kijana wa kibandani analijua hata kama hajui jina la filamu. Callahan anakula chakula cha mchana. Benki iliyo jirani inaibiwa. Anatoka nje akiwa bado anatafuna, anawapiga risasi majambazi, gari linapinduka, bomba la maji linapasuka. Mmoja wa majambazi, mtu mweusi, amelala chini amejeruhiwa na shotigani yake iko karibu na mkono. Callahan anamsimamia, anamweleza kwamba katika vurugu ile amesahau kama amefyatua risasi sita au tano, na anamwachia abahatishe. Jambazi anaiacha shotigani. Halafu anaomba aambiwe ukweli, na Callahan anavuta kifyatulio: bastola ilikuwa tupu.

Watu wengi wamelisifu tukio hili, na sisi hatukatai kwamba limetungwa kwa ufundi. Lakini na tulitazame kwa macho ya kijana aliyepitia JKT, awe alikuwa Itende au Mafinga. Kijana huyo anajua kwamba baada ya kulenga shabaha risasi huhesabiwa, na maganda yake huokotwa na kuhesabiwa pia. Askari anayesimama mbele ya mkufunzi wake na kusema "nimesahau nimefyatua ngapi" hatapigiwa makofi. Kila risasi ya umma ina mwenyewe, na mwenyewe ni umma. Bastola ya Callahan haina daftari. Hakuna anayeuliza nani alimgawia, risasi ngapi alichukua asubuhi na ngapi alirudisha jioni. Silaha imeng'olewa kutoka katika taasisi ikawa mali ya nafsi, kama saa ya mkononi au miwani ya jua.

Tena tuone nani amelala chini. Katika filamu nzima watu weusi wanaopewa nafasi ya kukumbukwa ni wachache. Kuna daktari anayemhudumia Callahan, kuna jambazi huyu, na kuna yule anayelipwa fedha na Scorpio ampige uso mpaka uvimbe ili asingizie kwamba ni Callahan aliyempiga. Mtazamaji wa Mwanjelwa humshangilia stelingi bila kuona kwamba kama angelikuwa amezaliwa katika mtaa ule wa San Francisco, pengine nafasi yake katika picha ingekuwa ile ya chini, karibu na shotigani.

Silaha za Scorpio nazo zina maneno yake. Mbali na bunduki ya masafa, anatumia bunduki ndogo ya rashasha ya Kijerumani, MP40, silaha ya jeshi la Hitler katika Vita Kuu ya Pili. Anaitumia juu ya paa kuisambaratisha taa ya maandishi ya kanisa, Callahan akiwa ng'ambo na bunduki ya .458, nayo ya kuwindia wanyama wakubwa. Mkandani mwa muuaji huyu mna ile alama ya amani iliyokuwa ikivaliwa na vijana wa Marekani waliopinga vita vya Vietnam. Silaha ya mafashisti na alama ya amani vimewekwa katika mwili mmoja. Huo si mchanganyiko wa bahati mbaya. Mwaka 1971 maelfu ya vijana wa Marekani walikuwa barabarani wakidai majeshi yao yarudi kutoka Vietnam. Filamu inamwambia mtazamaji: mtazame mpenda amani ni mtu wa namna gani. Bunduki za Marekani zilizokuwa zikiua Vietnam wakati huohuo hazionekani kabisa. Pauline Kael, mhakiki wa gazeti la The New Yorker, aliishutumu filamu hii kwa ufashisti mapema mwaka 1972, na hakuwa mwanachama wa chama chochote cha mapinduzi. Aliona tu kilichokuwa mbele ya macho yake.

Iko bastola moja zaidi ambayo watazamaji huipita haraka, na tunadhani ndiyo inayosema ukweli kuliko zote. Baada ya kuachiwa, Scorpio anaingia katika duka la pombe. Mwenye duka anajisifu kwamba amewahi kuvamiwa na anajua kujilinda, maana ana bastola chini ya kaunta. Scorpio anampiga chupa ya kichwa, anaichukua bastola hiyo, na kwa bastola hiyohiyo anakwenda kuteka basi la watoto. Hivyo silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya ulinzi wa mali imekuwa silaha ya mhalifu kwa muda usiozidi dakika moja. Mtengenezaji wa filamu alilishika jambo hili mkononi, akaliacha lianguke. Angelilifuata, filamu yake ingelikuwa nyingine. Angelazimika kuuliza kwa nini katika nchi ile duka la pombe lina bastola, na nani anapata faida kwa kumuuzia mwenye duka na baadaye kumuuzia polisi chombo kikubwa zaidi cha kumkamata aliyemwibia mwenye duka.

Tuliitazama filamu hii mara mbili, mara moja peke yetu kwa utulivu, na mara ya pili katika kibanda kimoja cha Mwanjelwa pamoja na vijana wapatao arobaini. Nakala ya kibandani ilikuwa imeingizwa sauti ya Kiswahili, kwa desturi ile iliyoenezwa Dar es Salaam na akina Lufufu, ambapo mtafsiri hutafsiri, hueleza, hutania na kutoa hukumu palepale. Katika tukio la benki vijana walipiga makofi. Katika uwanja wa Kezar, Callahan anapomkanyaga muuaji kwenye mguu wenye jeraha ili aseme alikomficha msichana aliyemteka, walipiga makofi tena, kwa nguvu zaidi. Lakini lilipofika tukio la ofisi ya mwendesha mashtaka, anapoelezwa Callahan kwamba bunduki aliyoikuta haiwezi kuwa ushahidi kwa sababu aliingia na kupekua bila hati, na kwamba mtuhumiwa ana haki zake hata kama anachukiza, mtafsiri alisema, "Hapa wanabishana tu," akaanza kueleza habari za magari ya San Francisco. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Huyo mwanasheria naye adui." Wenziwe wakakubali.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye kiini cha jambo. Filamu inatumia hila moja, na mtu akiisha kuiona hila hiyo bastola inapungua ukubwa. Hila yenyewe ni kwamba kamera ilikuwapo wakati wa mauaji. Sisi watazamaji tumemwona Scorpio kwa macho yetu akilenga na kufyatua. Tunajua kwa yakini kwamba ndiye. Kwa hiyo kila kanuni ya sheria inayomtaka polisi athibitishe inaonekana ni upuuzi, kwa kuwa kwetu jambo limekwisha kuthibitika. Lakini katika maisha hakuna kamera hiyo. Polisi hakuwapo, jirani hakuwapo, hakimu hakuwapo. Kanuni za ushahidi, hati ya upekuzi, haki ya mshtakiwa kusikilizwa, zote hizo zimewekwa kwa sababu hatukuwapo. Filamu inawapa watazamaji elimu ya Mungu, kisha inawacheka wanasheria kwa kuwa wana elimu ya binadamu.

Pelekeni sasa hila hiyo nje ya kibanda. Mtu anapiga kelele "Mwizi!" katika kichochoro cha soko. Kijana anakimbia, na anayekimbia amekwisha kuhukumiwa. Mawe yanatoka, tairi linatoka, petroli inatoka, na kesho yake magazeti yanaandika kwamba mtu mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Jambo hilo limetokea Mbeya, limetokea Iringa, limetokea nchi nzima, na wapo waliouawa hivyo ambao baadaye ilijulikana kwamba hawakuiba kitu. Kila mmoja aliyerusha jiwe alijiona Callahan. Aliamini kamera ilikuwapo. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyozaa mauaji haya. Yana mizizi katika umaskini, katika kesi zinazochelewa, katika rushwa inayomtoa mwizi kituoni kabla aliyeibiwa hajafika nyumbani. Tunasema kwamba filamu huyapa mauaji hayo uzuri na kuyaondolea aibu.

Hata katika vyombo vya dola ugonjwa huu umewahi kutufika. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa katika msako wa wauaji, mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Hasira ya umma ilikuwa ya haki, kwa kuwa vikongwe walikuwa wakiuawa. Wapelelezi wakafanya lile Callahan alilolifanya katika uwanja wa Kezar, na baadhi ya mahabusu wakafa mikononi mwao. Ndugu Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Yeye hakumpiga mtu, lakini mwaka 1977 alijiuzulu kwa kuwa jambo hilo lilitendeka chini ya wizara yake, na viongozi wengine nao waliacha madaraka. Hapa tunaomba msomaji aziweke picha mbili pamoja. Mwishoni mwa filamu Callahan anaitupa beji yake majini, kwa kuidharau sheria iliyomzuia asiue mapema zaidi. Waziri wetu aliweka wadhifa wake chini kwa sababu watu waliokuwa mikononi mwa sheria waliuawa. Matendo yote mawili ni kujiuzulu, na yote mawili yana uchungu, lakini moja linasema sheria ni kikwazo na jingine linasema sheria ni deni. Kwa nini la kwanza linajulikana katika kila kibanda na la pili halijulikani hata kwa baadhi ya wanafunzi wa vyuo, hilo ni swali ambalo idara zetu za elimu ya siasa hazina budi kujiuliza.

Mwezi wa Januari mwaka 2006 tulipata mfano mwingine. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva mmoja wa teksi waliuawa na polisi karibu na Dar es Salaam. Taifa lilielezwa kwamba walikuwa majambazi na kwamba kulikuwa na majibizano ya risasi. Neno hilo, majibizano ya risasi, kila mtu alilielewa upesi, maana amelitazama mara mia katika picha. Rais Kikwete akaunda tume, na tume ikaona kwamba marehemu hawakuwa majambazi, na majibizano hayo hayakuwapo. Kesi ilipita katika ngazi zote, hata mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja wa polisi. Miaka kumi. Sheria ilikwenda kwa mwendo wa kobe, na mwendo huo tunaulaumu. Lakini bila yule "mwanasheria adui", watu wanne wangebaki majambazi hata leo katika kumbukumbu za nchi.

Watengenezaji wenyewe wa "Dirty Harry" walilisikia lawama. Katika "Magnum Force" wanaonyesha kundi la polisi vijana wanaowaua wahalifu barabarani kwa bastola za Colt Python za .357, na Callahan anawapinga. Hayo ni majibu, hatukatai. Hata hivyo namna anavyowapinga ni ileile, mtu mmoja na bastola yake. Tatizo lililoletwa na bastola ya mtu mmoja limetatuliwa na bastola ya mtu mmoja, na tikiti zikauzwa tena mpaka mwaka 1988.

Je, dunia haina filamu ya ujambazi inayozitazama silaha kwa macho mengine? Iko, na ilitengenezwa wakati uleule na watu wa nchi maskini kama yetu. Ni "The Harder They Come" ya Jamaica, ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Perry Henzell, Jimmy Cliff akiwa Ivan. Ivan ni kijana wa shamba anayeingia Kingston kwa basi, na mizigo yake inaibiwa siku hiyohiyo. Kijana aliyeshuka Mwanjelwa kutoka Makete au Ileje na begi lake hahitaji kutafsiriwa sehemu hiyo. Ivan anaenda sinema kumtazama Django, yule wa filamu ya Kiitaliano anayeburuta jeneza lenye rashasha ndani. Anarekodi wimbo, analipwa dola 20, na tajiri wa muziki anabaki na wimbo. Anaingia katika biashara ya bangi, anaua polisi, na anapiga picha akiwa na bastola mbili mikononi, amevaa kama stelingi.

Bastola za Ivan ni ndogo na mtazamaji anajua zilikotoka, zilikuja na biashara. Hazimpi wimbo wake wala hazimpi shamba. Mwisho yuko peke yake ufukweni, jahazi la kwenda Cuba limempita, na askari wenye silaha za kisasa wanakuja. Anatoka na bastola zake akitaka wamletee mmoja mmoja, kama katika picha. Hawaji mmoja mmoja. Na wakati risasi zinampata, Henzell anakata na kutuonyesha tena wale watazamaji wa sinema ya Django wakicheka na kushangilia. Ivan aliamini kwamba stelingi hafi. Katika Jamaica yenyewe mtu aliyekuwa chanzo cha kisa hiki, Ivanhoe Martin, aliuawa na polisi mwaka 1948, na wako waliomgeuza shujaa. Henzell hawazomei watu hao. Anauliza tu wamekosa nini hata wakamhitaji shujaa wa namna hiyo. Tofauti ya filamu hizi mbili si kwamba moja ina risasi nyingi na nyingine chache. Katika moja bastola inajibu maswali yote, na katika nyingine kila bastola inaongeza swali.

Hata hapa kwetu msomaji asidhani kwamba riwaya na filamu zetu zimeepuka kabisa. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu "Kufa na Kupona" ya mwaka 1974, anabeba bastola kwa ajili ya ukombozi wa Afrika, na hilo ni tofauti kubwa ya lengo. Lakini namna yake ya kufanya kazi, peke yake, akiwa na gari la kasi na mwanamke mzuri kando, ameiazima kwa James Bond. Tumefurahi kumsoma, na tutaendelea kumsoma, huku tukijua hayo.

Inasikitisha zaidi kwamba kijana wa Nyanda za Juu Kusini anaijua Magnum ya San Francisco lakini hazijui silaha zilizopita katika ardhi yake. Gobole analiona ni kichekesho, ingawa wazee wa Chunya walililishia familia, risasi moja kwa safari nzima, baruti na vipande vya chuma vikishindiliwa kwa ufito. Mwenye gobole hasahau amefyatua ngapi. Na kule Mgagao, katika mkoa wa Iringa, walikuwapo wapiganaji wa Zimbabwe waliofunzwa vita. Mwaka 1975 maofisa wao walitoa Azimio la Mgagao kudai uongozi mpya wa mapambano. Bunduki zao zilitoka China na Urusi, nao walifundishwa siasa sambamba na shabaha, ili ajue kila mmoja anapigana na nani na kwa niaba ya nani. Hayo hayana kibanda kinachoyaonyesha. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilitupa "Fimbo ya Mnyonge" na filamu nyingine chache. Filamu ya Mgagao haikututolea.

Wapo watakaosema: filamu hizi zipigwe marufuku. Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na bodi za ukaguzi zimefanya kazi yake. Lakini leo filamu iko ndani ya simu, na mkaguzi hawezi kukaa katika mfuko wa kila kijana. Aidha tunaliona pendekezo hilo ni la uvivu. Kada anayedai filamu ifungiwe mara nyingi hajaitazama.

Kazi iliyopo ni ngumu zaidi na haina utukufu. Yule mtafsiri wa kibandani anasikilizwa na vijana wengi kwa juma moja kuliko mwenezi wa kata kwa mwaka mzima. Ana ulimi, ana utani, anajua lini watu wamechoka. Hatujawahi kusikia tawi lolote likimkaribisha kuzungumza naye. Akaribishwe, na wala asipewe hotuba ya kusoma, maana ataiua na kibanda kitamkimbia. Aonyeshwe Ibara ya 13 ya Katiba, ile isemayo kwamba mtu asichukuliwe kuwa na kosa mpaka ithibitike, na kwamba ni marufuku mtu kuteswa. Aambiwe habari ya Shinyanga na ya wale wa Mahenge, kwa lugha ya kawaida. Halafu aombwe jambo moja dogo: siku nyingine atakapoonyesha "Dirty Harry", akifika pale katika ofisi ya mwendesha mashtaka, aache habari za magari, awatafsirie vijana maneno yote yanayosemwa pale, mpaka Callahan atakapotoka na kufunga mlango.